Sifa za Bwana Rudi-Rudi

Wapo waliotungiwa sifa kwa kushinda vita, na wapo waliosifiwa kwa kujenga misikiti na makanisa. Mimi nitamsifu mtu asiye na cheo wala sare, asiye na hata filimbi: yule kijana anayesimama nyuma ya gari lako kwenye kiwanja cha sokoni, iwe Nachingwea au Ruangwa, wiki ile ya kuelekea Krismasi, akipunga mikono na kuita, "Rudi! Rudi! Bado sana! Lete, lete, kata yote... hapo hapo!"

Hiyo "hapo hapo" husikika baada ya "pwaa".

Wasiomjua husema anachelewa. Hawajamwelewa. Wahenga walitufundisha tahadhari kabla ya hatari, lakini wahenga walikuwa watu wa kudhani. Bwana Rudi-Rudi ni mtu wa ushahidi. Kabla bampa haijagusa nguzo, nani ana hakika kwamba itaigusa? Huenda gari likazima, na magari yetu mengi yana desturi hiyo. Huenda nguzo yenyewe ikaanguka, kwani nayo imeshagongwa na wengi. Kusema "simama" wakati bado kuna nafasi ya kiganja ni kubashiri, na kubashiri tumewaachia wenye mikeka. Yeye hungoja. Bati likishalia, ndipo anatangaza matokeo, na tangu nimfahamu hajawahi kutangaza matokeo ya uongo. Tena hana upendeleo: Noah ya mwalimu, kirikuu ya muuza nyanya, gari la mgeni aliyetoka Dar es Salaam na miwani yake ya jua, wote hupewa "hapo hapo" ileile. Mimi nimepewa yangu kwenye taa ya nyuma ya kulia, nikapewa nyingine kwenye ya kushoto, kisha kwenye toroli la muuza miwa, ambaye mpaka leo haniuzii hata kipande.

Sifa zake nyingine nitazipitia kwa haraka. Ni mnyenyekevu: ajali ikitokea, hujitoa asije akachukua sifa za watu. Hana kinyongo: baada ya muda mfupi hurudi kudai ya soda. Ni msiri: ukisahau kufunga buti na mtu akajisevia kilo zako za mchele, hatamtaja mtoto wa mwenzake.

Na kazi yake si ndogo. Huku kusini sikukuu haiji peke yake. Korosho huvunwa kuanzia Oktoba, hupelekwa chama cha ushirika (AMCOS), hupigwa mnada, na malipo hupitia benki. Kwa hiyo Desemba inapokaribia mwisho, mkulima aliyesubiri mwaka mzima anashuka mjini kununua mwaka mzima kwa siku moja: bati, godoro, sare za shule, mafuta ya kupikia, kitenge cha mama na baiskeli ya mtoto. Mvua nazo zimeanza, na lile vumbi jekundu limegeuka tope. Bodaboda inapita na bati zilizolazwa kwa upana, tayari kumnyoa yeyote asiyeinama. Godoro linatembea lenyewe, maana aliyelibeba haonekani. Ruangwa ongeza siku ambayo Namungo inacheza nyumbani na timu kubwa imekuja, hapo hata mbuzi hukosa pa kusimama. Katikati ya yote hayo hakuna mstari hata mmoja uliochorwa chini.

Wala kijana wetu hakuianzisha fani hii, ameirithi. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga, wakafyeka mapori ya Kongwa, Urambo na hapahapa Nachingwea. Waelekezaji walisimama London wakapunga mikono: lete matrekta, lete wataalamu, bado sana! Lete reli! Reli ikaletwa kutoka pwani hadi Nachingwea, karanga za kuijaza zikawa hazionekani, kwa sababu mvua na udongo havikuwa vimeulizwa maoni. Mwaka 1951 ndipo iliposikika "hapo hapo", pauni zaidi ya milioni 36 zikiwa zimeshateketea. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Ya soda, bila shaka, ilishachukuliwa mapema.

Nilikusudia kumaliza sifa zangu hapo, kwa kicheko. Lakini msimu uliopita, kwenye kiwanja ambacho mji wake sitautaja, niliona gari likirudishwa nyuma huku mtoto amesimama nyuma yake na viatu vipya mkononi, akitafuta kilipo kitenge cha mama yake. Mtoto ni mfupi kuliko kioo cha nyuma. Muuza maandazi ndiye aliyemvuta kwa shati. Kiwanja hicho kinatoza ushuru! Mtoza ushuru yupo, ana mashine, ana mwamvuli, na hapitwi na gari hata moja. Uliza taa ya usiku: bajeti ijayo. Uliza kwa nini magari yanaingia na kutoka mlango mmoja, pamoja na watoto na mikokoteni: suala liko kwenye mchakato. Uliza mlinzi: unaonyeshwa maandishi ya rangi nyekundu, "Egesha kwa hatari yako". Rangi ya maandishi hayo ilipatikana. Ya kuchora mistari ndiyo imekosekana.

Mtu akiumia, au pesa ya korosho ikichomolewa, hapo ndipo wakubwa wanapotokea na wito kwa wananchi kuchukua tahadhari msimu huu wa sikukuu.

Sasa niambieni nani anastahili kuchekwa. Yule kijana analipwa jero, tena dereva akiwa hajakasirika. Katika wote wanaokula kwenye kiwanja kile, ni yeye peke yake anayesimama mahali ambapo tairi linaweza kumkanyaga.

Basi msimu huu shuka kwanza, uzunguke gari, uangalie nyuma kwa macho yako. Mtoto mshike mkono mpaka mlango ufungwe. Simu usiiache juu ya dashibodi, na pesa usizihesabie kwenye kiti cha bodaboda. Mpe kijana jero lake, na ukiweza mnunulie kizibao cha kung'aa. Ushuru nao lipa, chukua risiti, kisha umuulize mwenye mashine kwa adabu zote, watu wakisikia: "Samahani kaka, hapa nimelipia nini?" Usiondoe gari mpaka ajibu. Watakaopiga honi nyuma yako, wakumbushe kwamba na wao wamelipa.