Kitabu cha Gari

Wanaodai kwamba vitabu vya magari ni vya uongo huvidhulumu. Changu kilifika Tanga ndani ya gari la mtumba kutoka Japani, kinene, Kijapani kitupu, na kwa hisani ya jirani yangu mwalimu, aliyepata kusoma Osaka, nimethibitisha kwamba kila kilichomo ni kweli, ila ukweli wenyewe ni wa huko kilikotoka.

Mathalani, mna mlango mzima wa theluji. Dereva ausiwa kuyafunga matairi minyororo, kuziinua waipa gari likilala nje zisije zikagandamana na kioo, na asiivute breki ya mkono usiku wa baridi kali, kwani yaweza kuganda, na asubuhi gari likakataa kwenda. Wasia huo mwalimu alinisomea kwa taadhima, tumekaa barazani mwezi wa Februari, kila mmoja na kipepeo chake cha ukindu mkononi.

Ama yule bibi asiyeonekana, ambaye kila ufunguo uzungushwapo hutamka maneno yake kwa sauti ya adabu isiyo kifani, kumbe ni kifaa cha kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, kinachonung'unika kwamba kadi haijatiwa. Mama yangu, ambaye hajapata kusikia sauti ya heshima asiijibu, humwitikia, "Marahaba, mwanangu," na tulipomfasiria alisema hayo hayamzuii mtu kuitikia.

Kuhusu oili, kitabu chasema ibadilishwe kila kilomita 15,000, na fundi wangu asema 3,000. Nilipomwonyesha ukurasa aliutazama kitambo, akaufunga kwa kidole kilicholoa grisi.

"Aliyeandika haya, mzee, hajafika Handeni."

Lau mwalimu angalinyamaza, hoja ingalikuwa yangu. Lakini alishuka hadi maandishi madogo ya chini, ambako mwandishi mwenyewe akiri kwamba penye vumbi na njia mbovu masafa hayo yakatwe nusu, na fundi, alipoona kitabu kimekwisha kumkubalia nusu ya shauri lake, akaidai na nusu ya pili.

Redio sitaisema sana. Za huko zamani zilikomea masafa ya 90, ilhali stesheni zetu huenea hadi 108.

Lililobaki ni saa. Kwa kuwa betri haikuchomolewa njiani, ilifika ingali katika majira ya Japani, yanayotutangulia kwa saa sita kamili. Hivyo tufikapo saa moja ya asubuhi, ambayo kwa hesabu ya Kizungu ni 7:00, kwao adhuhuri imekwisha kupita, na saa ya gari huonyesha 1:00. Katika gari zima, chombo pekee kilichoshuka bandarini kikisema Kiswahili ni hicho, na ukurasa wa kukirekebisha, wenye picha safi zisizohitaji mkalimani, ndio pekee niwezao kuufuata bila ya mwalimu. Nimemkataza fundi asikiguse.