Mtakatifu Asiye na Kibali

Kila Desemba 4, wachimba migodi wa dunia humwadhimisha Mtakatifu Barbara, msimamizi wao. Kolwezi, mji wa shaba na kobalti mkoani Lualaba, una kila sababu ya kumpigia ngoma na kumfungulia bia.

Ila mama huyu ana tatizo la karatasi. Mwaka 1969 Roma ilimwondoa katika kalenda ya jumla, maana historia yake haikuthibitika. Kumbe naye yupo kazini bila kibali, sawa na mchimbaji wa mikono anayepenya usiku kwenye eneo la kampuni! Tofauti ni kwamba yeye hakimbizwi na mbwa.

Kazi yake ni kuwakinga watu na kifo cha ghafla. Juni 2019, ardhi ilipoporomoka kwenye mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi, na kuua zaidi ya watu 30, maelezo yalitoka upesi: waliingia kinyume cha sheria. Mauti, bahati mbaya, hayakagui vibali.

Hadithi husema baba yake Barbara, tajiri aliyemkata kichwa, alipigwa radi papo hapo. Na Desemba Lualaba ni masika, msimu wa radi. Waheshimiwa wa viti vya mbele, ibada njema.