Sifa za Mheshimiwa Ribiti

Mgeni rasmi wa leo ni ribiti. Najua wengine mlitegemea nimwalike rubani na miwani yake ya jua, au angalau injini, ambayo ina sauti nzito na bei ya kutisha. Hao wamesifiwa vya kutosha. Kila anayejijengea ndege nyumbani, siku ya kupigwa picha husimama kando ya propela. Sijaona hata mmoja aliyepigwa picha akiwa amekumbatia kifuko cha ribiti. Leo dhuluma hiyo ikome.

Kwa asiyemfahamu, ribiti ni kijiti kifupi cha alumini chenye kichwa upande mmoja. Hupitishwa kwenye tundu la mabati mawili yaliyolaliana, kisha mkia wake hupondwa mpaka utanuke uwe kichwa cha pili. Basi, mabati hayaachani tena. Mafundi wetu wa majiko na masanduku ya bati wanaijua kazi hiyo vizuri. Tofauti ni moja tu: sanduku likiachia ribiti, zinazochungulia nje ni nguo, bawa la ndege likianza kuachia, wanaochungulia ni abiria.

Adabu inataka tuanze na nasaba. Jina lake kamili ni AN470AD4-4, na kila herufi ina mwenyewe. AN ni jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani, yaliyokaa pamoja kuweka viwango vya vipuri vya ndege. 470 ni umbo la kichwa: cha mviringo, kinachojitokeza wazi. Nduguye 426 ana kichwa bapa kinachozama kikalingana na bati. AD ni aina ya aloi, na wa ukoo huo hutambulikana kwa kishimo kidogo katikati ya kichwa. Nne ya kwanza ni unene, kwa kipimo cha sehemu za 32 za inchi. Nne ya mwisho ni urefu, kwa sehemu za 16. Kiumbe cha milimita sita hivi, lakini kina jina ambalo balozi angelionea wivu.

Historia yake nayo si haba. Mwaka 1935 Howard Hughes aliweka rekodi ya dunia ya kasi kwa ndege za nchi kavu, kilomita 567 kwa saa. Ndege yake, H-1, ilikuwa na ribiti zilizozamishwa vichwa ili upepo usipate pa kushika. Katika Vita Kuu ya Pili, pale kiwanda cha Willow Run, Michigan, ndege moja ya kudondosha mabomu aina ya B-24 ilikula ribiti zaidi ya 300,000. Wanawake wa Marekani waliozipiga viwandani wakapata jina la Rosie, na mwaka 1943 Norman Rockwell akamchora huyo Rosie na bunduki ya kupigia ribiti mapajani, mkononi kashika mkate. Sifa zikaenda kwa Rosie, kwa bunduki, hata kwa mkate. Ribiti ikabaki kwenye ndoo.

Lakini enzi yake hasa iko gerejini kwa mtu wa kawaida. Richard VanGrunsven wa Oregon aliirusha RV-3 aliyoibuni mwenyewe mwaka 1971, na mwaka 1973 akaanzisha kampuni ya Van's Aircraft. Leo ndege za ukoo wa RV zilizojengwa na wateja wenyewe zikaruka zimepita 10,000. Mteja huuziwa mabati yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, kreti baada ya kreti: mkia kwanza, halafu mabawa, kisha kiwiliwili. Sheria ya Marekani inamruhusu kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya ndege ijengwe na watu wanaoijenga kwa ajili ya elimu yao au burudani yao tu. Wenyewe huiita kanuni ya asilimia 51. Mheshimiwa ameyashughulikia yote mawili: elimu anaitoa, burudani anaiondoa.

Somo la kwanza ni hesabu. Kreti ikifika, mwenye nyumba huketi na orodha ya kurasa kadhaa, kila kipuri na namba yake. Anahesabu mbavu za bawa, mabano, bolti, nati na washa, moja moja, akitia alama. Akimfikia Mheshimiwa, hesabu inagoma. Ribiti haziandikwi kwa idadi. Zinaandikwa kwa uzito, kipande cha ratili hapa, kipande cha ratili pale. Serikali ngapi zimejaribu kuhesabu watu wake na kukosea? Mheshimiwa hana haja na sensa. Anapanda mizani, mambo yameisha. Ndiyo maana makofi yake nayo yanastahili kuwa ya kilo.

Baada ya mizani huja makazi. Mjenzi hununua makabati ya plastiki yenye vidroo vingi, anabandika karatasi kila kidroo, akidhani amemaliza. Sasa, ribiti yenye urefu wa 3 na ile ya 3.5 zinapishana kwa milimita 0.8. Vidroo viwili vikimwagika Jumapili jioni, nyumba nzima huketi sakafuni na kipimo mkononi, baba, mama na watoto, televisheni imezimwa. Wapo wanaolalamika kwamba siku hizi familia hazikai pamoja. Hao hawajamwaga ribiti.

Somo la pili ni subira. Kabla ribiti moja haijaingia mahali pake, tundu sharti lipitishwe drili ya kipimo chake cha mwisho. Kingo zilainishwe pande zote mbili, kwa sababu mkwaruzo mdogo ndio mama wa ufa. Pale ambapo kichwa ni bapa, bati libonyezwe kishimo cha kukilaza. Vipande vitenganishwe, visafishwe, vipakwe rangi ya kuzuia kuliwa na unyevu, virudishwe. Vishikizwe kwa vibanio vya Cleco, vya rangi ya fedha kwa matundu madogo na vya shaba kwa yale makubwa zaidi, mpaka bawa lisimamishe miiba kama nungunungu aliyechokozwa. Hapo ndipo Mheshimiwa huitwa, naye huingia bila haraka yoyote.

Hebu tusogee tuone ribiti moja ikipigwa. Watu ni wawili. Mmoja yuko nje ya bawa na bunduki ya upepo. Wa pili amepenyeza mkono ndani kupitia tundu la ukaguzi mpaka bega limegoma. Kiganjani ana kipande cha chuma kizito, uso wake umesuguliwa ukang'aa, naye amekikandamiza kwenye mkia wa ribiti asiouona vizuri. Hawaonani. Kompresa inanguruma, masikio yamezibwa. Bunduki inalia kidogo, inanyamaza. Sasa wa ndani atoe hukumu kwa kugonga: mara moja, piga tena; mara mbili, imekubali; mara tatu, imeharibika, itolewe. Mume na mke ambao wameshindwa kuelewana juu ya karo, shamba na mawifi kwa miaka, hapa huelewana kwa ishara tatu za kugonga tu. Washenga wa hapa mjini wangejifunza kitu.

Kisha tochi na kipimo. Mkia uliopondwa uwe na upana wa mara moja na nusu ya unene wa ribiti, na kimo cha nusu ya unene huo. Kwa hii yetu ya moja ya nane ya inchi, ni upana wa milimita 4.8 na kimo cha 1.6. Ukiwa bapa mno, umepondwa kupita kiasi. Ukiwa mrefu, haujashika. Ukilala upande, kagonge mara tatu.

Somo la tatu ni adhabu. Bunduki ikiteleza huacha kwenye bati jipya alama ya mwezi mchanga. Wajenzi wa Marekani huiita tabasamu, na saa hiyo ndilo tabasamu pekee lililomo gerejini. Ribiti iliyokosewa hutobolewa kichwa kwa drili, taratibu, kisha kijiti hugongwa kitoke. Mkono ukitetemeka, tundu linapanuka, na sasa makosa ni mawili. Lakini hata hapo Mheshimiwa hana kinyongo. Ana ndugu aitwaye NAS1097, mnene wa mwili na mdogo wa kichwa, ambaye hujaza tundu lililopanuka na kwa nje asijulikane. Hiyo ndiyo ribiti ya lahaula. Wangapi kati yetu wana ndugu wa kuwasitiri hivyo?

Sifa inayonigusa zaidi ni ukweli wake. Kwenye tangi la mafuta, lililomo ndani ya bawa, kila ribiti huzikwa pamoja na gundi nzito inayonuka, ambayo baadaye utaikuta kwenye kucha, nywele na kitasa cha mlango wa chumbani. Ukiipunja, petroli ya ndege, iliyotiwa rangi ya buluu, itachora doa la buluu chini ya bawa, mbele ya wageni. Kwingineko, ribiti iliyolegea husuguana na bati, ikatoa unga mweusi, na upepo ukauburuza nyuma ya kichwa chake ukawa mstari. Fundi akiuona mstari huo hahitaji shahidi. Nitajieni kiongozi ambaye akilegea hujiandikia ripoti mwenyewe, kwa wino mweusi, mahali pa wazi.

Wapo wanaomsengenya. Wafuasi wa mbunifu wa ndege Burt Rutan walisema ndege ijengwe kwa povu na nyuzi za kioo, bila ribiti. Wakaishia kupiga msasa mpaka wakasahau sura za jirani zao. Wengine wanamsifu binamu yake anayetumika sana kwenye RV-12, anayevutwa kutoka upande mmoja na mtu mmoja. Ni kijana mzuri, lakini hana faida kwa ndoa ya mtu. Van's Aircraft yenyewe ilipata kuonja ukali wake. Baadhi ya matundu yalikatwa kwa leza, na mabati yalipobonyezwa ili kumpokea Mheshimiwa, nyufa zikatokea. Pamoja na mizigo mingine ya gharama, Desemba 2023 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa huyu sina wasiwasi: nimsifu nisimsifu, kesho atataka mara moja na nusu ya unene wake, wala hatapunguza.

Malipo ya kumtumikia nayo yameandikwa kisheria. Aliyejenga ndege yake Marekani anaweza kuomba cheti kinachomruhusu kuikagua mwenyewe kila mwaka na kutia sahihi. Anayeinunua ndege hiyo hiyo ikiwa imekamilika, hata awe tajiri wa namna gani, cheti hicho hapati. Kwa kawaida humlipa fundi mwenye leseni. Basi ndugu msomaji, ukipelekwa kutazama ndege ya mkono wa pili iliyojengwa gerejini, usianze na rangi wala redio. Omba tochi, inama chini ya bawa, ukague ribiti.