Dawa Isiyokunja Uso

Huko Kitui na Makueni, kuku akianza kusinzia na kuharisha, wengi hawamsumbui daktari wa mifugo. Hukata jani la kiluma, ile shubiri pori ya Ukambani, wakalitia kwenye maji ya kunywa. Kuku akipona, sifa ni za kiluma. Akifa, kumbe alichelewa kutibiwa.

Binadamu naye hakuonewa huruma. Susu, yaani bibi kwa Kikamba, alichemsha majani ya mwarobaini, akambana mjukuu pua na kummiminia. Dawa isiyokunja uso ilitiliwa shaka.

Waliokuwa na senti walikimbilia duka. Pale, kati ya sukari na mafuta ya taa, zilikaa dawa za maumivu kama Mara Moja, Action na Hedex, pamoja na Robb ya kupaka kifuani. Mwenye duka alikuwa daktari, mfamasia na mpimaji: alisikiliza ugonjwa juu ya kaunta, akakata vidonge viwili kwa mkasi. Mara Moja ina aspirini, parasetamoli na kafeini, basi mgonjwa aliinuka akashika jembe, na daktari wa kaunta akazidi kuheshimika. Klorokwini ndiyo iliyotia adabu, kwa kuwasha mwili kuliko mbu mwenyewe. Serikali iliiondoa kwenye tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998, maana vimelea walishaizoea.

Wajukuu waliotoroka kikombe cha susu sasa wako Nairobi, wakinunua sabuni ya mwarobaini madukani, na hakuna anayewabana pua wakati wa kulipa.