Yatima Mwenye Mama

(Chumba cha kijana mmoja, Newala, msimu wa korosho. Ukutani ametundikwa Lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani chenye nywele za watu zilizogandishwa kwa nta. Kitandani, Simu iko kwenye chaji. Mlangoni amekaa Ndoo wa lita 20, mtupu.)

SIMU: Shikamoo, babu.

LIPIKO: Marahaba, mjukuu. Mbona umepata moto hivyo?

SIMU: Tangu jana jioni tunamjaza mhusika. Leo usiku bosi wangu anacheza na wenzake: mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja Nairobi, mmoja Muscat. Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Ulitolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Wao walizunguka meza. Siku hizi meza ni mimi.

LIPIKO: Na huyo mhusika anajazwa nini?

SIMU: Karatasi, babu. Kuna sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Unapewa namba sita, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, kila sifa unaipa yake. Mchezoni linarushwa dadu la pande 20. Mwenye 15 anaongezewa 2, mwenye 8 anakatwa 1.

LIPIKO: Kwa hiyo hakuna anayeikwepa 8. Ya kwenu mmeificha wapi?

SIMU: Kwenye hekima.

LIPIKO: Na wenzake?

SIMU: Hekima, hekima na hekima. Wanasema joka haliuawi kwa busara.

LIPIKO: Watu wanne, misuli tele, hekima hakuna. Niliwahi kuona bodi ya chama cha msingi iliyopangwa hivyo hivyo. Nao hawakumalizwa na joka, walimalizwa na mizani ya korosho.

SIMU: Wa kwetu ni mpiganaji, nguvu 15. Yule wa Nairobi ni mchawi.

LIPIKO: Nani kamsingizia?

SIMU: Kajiandika mwenyewe.

LIPIKO: Kwa hiari yake? Tena kwa maandishi? Huku mtu akishukiwa tu anahama kijiji!

SIMU: Subiri usikie historia ya mpiganaji wetu. Kurasa tano. Ni mwana wa mfalme, kijiji chao kilichomwa, wazazi wakafa wote, akalelewa na mbwamwitu.

LIPIKO: Maskini. Na hao wengine?

SIMU: Yatima.

LIPIKO: Wote wanne? Nani aliwazika wazee wote hao?

SIMU: Wazazi wanasumbua, babu. Ukiwa nao, msimamizi wa mchezo atawateka nyara ili uende kuwakomboa.

NDOO: Samahani kuwaingilia. Huyo yatima, mama yake anamwita uani tangu saa mbili asubuhi.

SIMU: Shangazi, hapa tunaongelea mambo ya kubuni.

NDOO: Na mimi naongelea maji. Huko kwenye safari yenu, nani anateka?

SIMU: Hakuna anayeteka. Ila kanuni ipo: kila mhusika anahitaji galoni moja kwa siku, karibu lita nne, na kukiwa na joto ni mara mbili. Basi tu, kundi letu limekubaliana kuiruka.

NDOO: Wameiruka! Bibi wa hapa walishuka bondeni alfajiri, wakapanda na mitungi kichwani, kwa sababu juu huku mchanga unakunywa mvua yote. Hawakupata wa kumwomba waruke. Sasa nisomee, mwenye nguvu 15 anabeba kiasi gani?

SIMU: Unazidisha kwa 15, unapata ratili 225. Kama kilo 102.

NDOO: Mimi nikijaa ni kilo 20.

(Kimya. Uani sauti ya mama inaita tena.)

LIPIKO: Karatasi za namna hiyo nazijua. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa hapa Newala akikusanya vitu vya makumbusho ya Leipzig. Vinyago vikaenda, ndugu zangu hao. Makumbushoni hukosi namba wala kadi: mti gani, kabila gani, kimetoka wapi. Wamejazwa vizuri kuliko mpiganaji wako, na hakuna hata mmoja anayecheza.

SIMU: Lakini babu, bila karatasi kila mtu atasema ameng'oa mlima. Karatasi ndiyo inayomwambia: wewe huwezi.

LIPIKO: Hapo sikupingi. Hata mimi nina masharti. Anayenivaa anaona kupitia kinywa changu tu, na hapigi hatua ambayo ngoma haikumwita. Ufundi wake unaonekana humo humo kwenye kubanwa. Wazee wa Mueda, kule Msumbiji, walipomchonga Mreno hawakumpa sifa 15. Walimpa pua, ndevu na maringo, ngoma ikamaliza kazi. Watu walicheka kwa sababu walimjua kwa kasoro zake. Karatasi yenu ina mahali pa kasoro?

SIMU: Ipo sehemu ya udhaifu. Ameifikiria usiku kucha.

LIPIKO: Kaandika nini?

SIMU: "Nawapenda mno marafiki zangu."

LIPIKO: Hilo ni jibu la usaili wa kazi! Anayefuata atasema anachapa kazi kupita kiasi.

NDOO: Nipeni mimi hiyo sehemu. Andika: "Anaweza kubeba kilo 102, lakini akiitwa kuteka maji masikio yanaziba."

SIMU: Shangazi, wenzake watacheka.

LIPIKO: Wacheke! Sasa huyo ni mtu. Hata mimi ningekubali kumcheza, na uwanja mzima ungemtambua.

SIMU: Hapo ndipo pabaya, babu. Siri ya lipiko si ndiyo hiyo, asijulikane aliye ndani?

NDOO: Siri gani? Nimeshakaa pembeni mwa uwanja. Akitoka, wanawake wanakimbia wakipiga kelele kwamba mzimu umefufuka. Wakifika nyuma ya nyumba wanaulizana: "Leo shemeji goti limepona?"

LIPIKO: We Ndoo! Usiyaseme hayo mbele ya kitu kinachorekodi!

SIMU: Sasa kama wanajua, kwa nini wanakimbia?

NDOO: Wasipokimbia, ngoma itachezwa na nani? Mwandikie huo udhaifu wake. Wenzake watamtambua mara moja, na kama wanajua kucheza, watajifanya hawamjui.