Nyuzi Sita, Napiga Mbili

Nyuzi za gitaa zinauzwa kwa seti. Hakuna duka Kariakoo litakalokuuzia mbili eti hizo nyingine huna kazi nazo. Unalipa sita, unafunga sita, unatyuni sita. Sasa niambie mtu mzima nijisikieje kijana wa kinanda anaponisogelea kwa adabu zote na kunieleza kwamba nyuzi zangu zimezidi.

"Shikamoo mzee. Samahani, hiyo G saba yako ni nene mno."

Marahaba. Nene vipi? Mimi ni mpiga rizimu wa bendi ya dansi. G yangu nimeipiga kwenye harusi, kipaimara na mikutano ya kampeni, na hakuna bwana harusi aliyewahi kulalamika kwamba ni nene. Lakini hoteli moja ya ufukweni imetaka jazi kila Ijumaa, kiongozi wetu akaitikia kabla hajaulizwa kama tunaijua, na sasa tunafundwa upya na mtoto asiyejua hata bendi hii ilikuwa na majina gani kabla ya hili. Nikamkumbusha kwamba nchi hii ilikuwa na Nuta Jazz na Morogoro Jazz mama yake akiwa bado hajaanza shule. Akatabasamu. "Ile ni nyingine, mzee." Nyingine! Wangemsikia wenyewe.

Somo likaanza. G saba ina noti nne: G, B, D na F. Ondoa G, mpiga besi anayo. Ondoa D, haina jipya la kusema. Zinabaki B na F. Nikauliza kama na posho itapunguzwa kwa hesabu hiyo hiyo. Hakunijibu. Akaendelea kwamba hizo hizo mbili zinatosha pia kwa D-flati saba: mpiga besi akihama, wewe mzee huhami, umeshafika. Maana yake nimepiga kordi mbili na nimelipwa moja.

Mfano wake ni Freddie Green, aliyeingia okestra ya Count Basie mwaka 1937 na akawa nayo karibu muda wote mpaka alipofariki mwaka 1987. Karibu miaka 50 ya mapigo manne, manne, manne, solo karibu hapigi kabisa. Ukitega sikio, mara nyingi unasikia noti tatu, au mbili, au moja tu inayosogea katikati ya ngoma na besi, na matarumbeta yote yale yameegemea hapo. Nilimpenda mzee yule papo hapo, na kilichonivutia zaidi ni ajira. Kwetu mpiga rizimu akimaliza miaka kadhaa bila kuombwa ampishe mpwa wa kiongozi, amshukuru Mungu.

Ukidhani kupunguza noti ni kupunguza kazi, umeliwa. Mwenye kinanda anakandamiza noti nne zilizobanana kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika soda. Gitaa haliruhusu. Nyuzi zake zimepishana sana, kwa hiyo ukitaka noti zibanane vile, kidole kimoja kiko Mbagala na kingine Bunju. Dawa waliyoipata wenye jazi ni kuchukua noti ya pili kutoka juu na kuidondosha oktevu moja chini. Vidole vinapumua, kordi inafunguka, sauti inakuwa tamu kweli, nakubali. Ila kordi moja ya namna hiyo inapinduliwa mara nne, na kila pinduo lina seti tatu za nyuzi za kukaa. Hayo ni maumbo 12 kwa G saba peke yake, kordi niliyokuwa naipiga kwa umbo moja na watu wakacheza mpaka viatu vikawaumiza. Kijana akaniazima kitabu cha Ted Greene, *Chord Chemistry*, cha mwaka 1971. Kurasa zimejaa vichoro vya vidole kuanzia juu mpaka chini. Nilikifungua, nikakifunga, nikakiweka juu ya kabati wajukuu wasije wakatishika.

Ndipo akaniletea diminishi, na hapo kidogo nikatulia, kwa sababu hii ilionekana imetungwa na mtu mvivu. Chukua ile G saba, toa G, weka A-flati. Unabaki na B, D, F na A-flati, kila noti freti tatu kutoka kwa mwenzake. Sogeza umbo hilo freti tatu, ni kordi ile ile. Sogeza tena, ile ile. Duniani kote kordi hizi ni tatu tu. Tatu! Na hiyo moja inahudumia G saba, B-flati saba, D-flati saba na E saba, utachagua mwenyewe unatokea mlango upi.

Skeli yake nayo ni hivyo hivyo. Juu ya G unapanda freti moja, freti mbili, moja, mbili, mpaka unarudi nyumbani na noti nane. Skeli za namna hii nazo ni tatu tu, na zimeshachunguzwa na wakubwa: Mfaransa Olivier Messiaen aliiorodhesha kama modi yake ya pili katika kitabu chake cha mwaka 1944, na Rimsky-Korsakov wa Urusi alikuwa ameshaitumia karne ya kabla yake kwenye mambo ya majini na miujiza. Habari hizo za majini zilimfurahisha mama watoto. Nilikuwa sebuleni napanda na kushuka, akachungulia kutoka jikoni akauliza ni nani anayenyatiwa.

Ana haki. Skeli hii ni daladala isiyo na mwisho wa gari. Vituo vyote vinafanana, konda anaita jina lile lile, na abiria hujui ushuke wapi. Mpiga solo wetu, mtu mwenye jina lake mjini, aliipenda sana Ijumaa ya kwanza. Alianza freti ya kwanza na kipande kimoja kitamu, akakipandisha tatu, akakipandisha tatu tena, macho amefumba. Gitaa lake lina freti 22. Ukianzia ya 1 ukipanda tatu tatu, unaangukia ya 22 barabara, wala huna pa kwenda. Mpiga ngoma alimsubiri. Besi ilimsubiri. Wazungu wa meza ya mbele wakapiga makofi wakidhani wimbo umekwisha.

Kijana anasema siri ni kutoka. Noti tatu kati ya nne za kordi ile ya diminishi, kila moja ina jirani aliye freti moja tu, anayekuvuta uteremke kwenye C: B inapanda kuwa C, F inashuka kuwa E, A-flati inashuka kuwa G. Hiyo nilielewa bila kuchorewa. Na kuna jambo jingine nililipenda, ingawa sikumwonyesha: unapanda skeli kwa kordi badala ya noti, C sita, diminishi, C sita ya pinduo linalofuata, diminishi tena. Barry Harris, mpiga piano wa Detroit, aliwafundisha watu hivyo hadi uzeeni. Ukipiga polepole, gitaa moja linageuka kwaya.

Wes Montgomery wa Indianapolis alikuwa akitembea na makordi ya aina hiyo. Inasimuliwa kwamba mchana alikuwa kiwandani na usiku klabuni, na kwamba alizoea kupiga kwa kidole gumba bila piki ili asiwasumbue majirani akifanya mazoezi. Kosa langu kusimulia hayo mezani. Mama watoto aliweka kijiko chini, akanitazama mkono. "Kwani wewe, baba, kidole gumba huna?"

Jana kijana amenipongeza. Amesema diminishi imeanza kuniingia, kwa hiyo Jumatatu tuhamie skeli za melodiki maina.

"Na hizo ziko ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee. Kila ufunguo una yake."

Nikamwita kiongozi aje asikie mwenyewe. Hizo tisa za ziada zitalipwa kivyake, tena kabla ya Ijumaa.