Mayai Viza na Visa vya Sola

Siku ya 18 ndiyo mbaya. Mwenye mashine ya kutotolesha anaijua: kifaranga ameshajaa ndani ya ganda, zimebaki siku 3 apasue, na hapo hapo ndipo balaa hupenda kupiga hodi. Usiku wa siku hiyo upepo wetu wa Singida uliangusha tawi juu ya waya wa mtaa, Utemini kwetu kukawa giza. Mke wangu aliamka kabla yangu. Hakuamshwa na kelele, aliamshwa na kimya. Feni ya mashine ilikuwa imenyamaza.

Tulipigana. Mashine ikavikwa blanketi 2, ikazungushiwa chupa za maji ya moto, jiko la mkaa likawekwa koridoni na mlango ukaachwa wazi, tusije tukatangulia sisi kabla ya vifaranga. Kipimajoto kilitakiwa kisome 37.5. Kikashuka 34, kikashuka 31, kikagoma kupanda. Umeme uliporudi ilikuwa saa 4 asubuhi. Kati ya mayai 56 tulipata vifaranga 9. Yaliyobaki yakawa viza, na aliyewahi kupasukiwa na yai viza ndani ya nyumba hahitaji maelezo yangu. Tulilala madirisha wazi siku 2, Julai, kwenye baridi ya kipupwe.

Na sisi hapa kuku si pambo la uani. Basi likisimama Singida abiria huteremkia kuku na mafuta ya alizeti. Mke wangu ana wateja wanaoweka oda ya vifaranga kabla mayai hayajaingia mashineni.

"Baba watoto," aliniambia bila kupandisha sauti, "mimi nataka sola."

Nikaenda mjini. Dukani walinipokea kwa heshima zote. "Mwalimu, unataka yenye ufanisi au ya kawaida?" Mwalimu mstaafu gani atajibu "ya kawaida"? Kijana akanitolea paneli nyeusi tii, nyembamba, kingo za bati jeupe. Hii, alisema, ni mono, wati 200, ufanisi wa hali ya juu. Zile za bluu zilizoegemezwa ukutani ni poli, teknolojia ya zamani, ndiyo maana ni kubwa hivyo na zinachukua nafasi. Akaitoa nje, akachomeka mita: volti 21. "Unaona mwenyewe, Mwalimu." Nikaona mwenyewe. Miaka 34 nimefundisha Kiswahili; volti kwangu ni nomino ya ngeli ya I-ZI, zaidi ya hapo sijui kitu. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua.

Niliipeleka nyumbani kwa bodaboda, nimeikumbatia kwapani. Hapo tu ningepaswa kushtuka.

Kufunga ilikuwa kazi ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi redio aliyepandishwa cheo na ukoo kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Alikuwa na video kwenye simu. Mzungu mmoja mchangamfu, sweta shingoni, anaeleza kuwa paneli lazima itazame kusini, ilale nyuzi 40. Shemeji alitengeneza fremu ya chuma ya nyuzi 40 kamili, akaikaza juu ya bati, paneli ikatazama kusini. Ilipendeza, nisimnyime haki yake.

Jirani yetu, mzee wa msikitini, alisimama upande wa pili wa uzio akaitazama kitambo. "Mwalimu, mbona sola yenu imeipa Kibla mgongo?"

Tukacheka. Sola haisali, mzee.

Mke wangu hakuweka yai hata moja. "Kwanza ilale usiku mzima," alisema, akaiwasha mashine tupu na bakuli la maji ndani. Saa 5 usiku ikazima. Usiku wa pili, saa 4 na nusu. Usiku wa tatu haikufika hata saa 3. Shemeji alilaumu betri, akalaumu inveta, na alipoishiwa vyombo akalaumu vumbi. Vumbi la Utemini wakati wa kiangazi lina uwezo wa kulaumiwa kwa lolote, kwa hiyo kesho yake, mke wangu akiwa kwenye cherehani yake sokoni na mjukuu akiwa shule, nilipanda juu na ndoo na kitambaa.

Nilikuwa nimesugua nusu ya kioo niliposikia ngazi ikianguka. Upepo. Ule ule wa tawi. Umri wangu ni 63, bati letu liko juu kuliko magoti yangu yanavyotaka, na simu niliiacha juu ya meza. Niliita. Upepo ukaibeba sauti yangu ukaipeleka asikojua mtu. Nikakaa kwenye mshazari wa bati, juu ya kitambaa chenye maji, kwa sababu bila kitambaa hapakaliki.

Nilikaa huko zaidi ya saa nzima, na mtu akikaa saa nzima bila la kufanya ataona mambo. La kwanza nililiona kwa makalio: bati linachoma. Wati zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli ikiwa na nyuzijoto 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza kama asilimia 0.4. Seli ikifika nyuzi 60, ambazo juu ya bati si ajabu, sehemu moja ya saba ya nguvu yake imekwenda. Ndiyo maana paneli huinuliwa kidogo upepo upite chini yake, na upepo, kwa kweli, hatujawahi kupungukiwa nao.

La pili lilikuja polepole. Kivuli cha tangi letu la maji, lile la lita 1,000 juu ya mnara, kilikuwa kinaitambalia kona ya paneli. Kona tu, ukubwa wa sahani. Lakini seli za paneli zimeungwa mfululizo, umeme wa hii lazima upite kwa ile, kama maji kwenye mpira wa bustani. Ukikanyaga mpira sehemu moja, hakuna atakayekusifu kwa kuacha sehemu nyingine zote bila kukanyaga.

La tatu lilinifanya nisahau ngazi. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza, maana yake jua limetoka tu katikati, na Singida katikati hiyo hufika karibu saa 7 kasorobo kwa sababu saa zetu hufuata meridiani iliyo mbali mashariki. Nikatazama kivuli changu mwenyewe. Kilikuwa kimelala kuelekea kusini. Kivuli kikilala kusini, jua liko kaskazini. Nikaitazama paneli: imekazwa kwa boliti 4, inatazama kusini kwa bidii zote.

Mzungu wa sweta hakusema uongo. Kwao, kaskazini ya mbali, jua liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta: Desemba jua hutupita kwa kusini, Julai liko kaskazini, mara 2 kwa mwaka hutusimamia utosini. Julai ile ile, kwa mlalo ule wa nyuzi 40, paneli yetu ilikuwa ikipata jua la mchana kwa mshazari, kama asilimia 40 tu ya lile ambalo ingepata ikiligeukia.

Mzee wa msikitini alirudi kutoka kuswali, akasikia, akaja, akaisimamisha ngazi. Hakusema neno mpaka mguu wangu ulipogusa ardhi. Kutoka kwetu Makka iko kaskazini, imeegemea mashariki kidogo tu.

"Nilikuuliza kuhusu Kibla," alisema.

Shemeji aliigeuza paneli jioni hiyo, akaihamisha mbali na tangi. Usiku mashine ikavuka saa 7. Nikasherehekea. Mke wangu hakusherehekea; alimwambia mdogo wake aishushe chini kesho yake, akaivua shingoni futi kamba anayopimia magauni, akaipima paneli kama anayeshonea mtu. Urefu sentimita 101, upana 54. "Mjukuu wangu, fanya hesabu."

Mjukuu yuko kidato cha pili, na ni mkatili wa kalamu. Jua kali la mchana humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Paneli yetu ina mita za mraba 0.545, kwa hiyo inapokea wati 545. Ili itoe 200, ufanisi wake uwe asilimia 37. Seli ya kwanza ya silikoni iliyotumika kweli, ya maabara ya Bell kule Marekani mwaka 1954, ilitoa kama asilimia 6. Paneli nzuri zinazouzwa leo zinacheza 20 hadi 23. Na silikoni peke yake, kwa sheria za fizikia, haivuki 29 na kitu.

"Babu," alisema, "paneli yako imewashinda wanasayansi wote."

Tuliita fundi umeme wa kweli. Naye hakuhangaika na volti: volti 21, alisema, utazipata hata kwenye paneli ndogo ya kubeba mkononi, na hata asubuhi jua likiwa changa. Aliziunganisha waya mbili za paneli kupitia mita, mchana kweupe, akapima ampea. Lebo ilidai zaidi ya 11. Mita ikasoma 4 na nusu. Wati 80, tena kwa kuihurumia. Mashine ya mke wangu, ukichanganya kuwaka na kupumzika, hula wastani wa wati 40 usiku na mchana, yaani wati-saa 960 kwa siku. Paneli ya wati 80 hata ikitazama Kibla kwa unyenyekevu haifiki nusu yake.

Niliirudisha dukani, ikakataliwa. Kijana alisema lebo hakuandika yeye. Hilo naliamini.

Safari ya pili alikwenda mke wangu, duka lingine, futi kamba shingoni. Alipima kabla ya kuuliza bei. Akarudi na paneli 2 za bluu, zile zile za teknolojia ya zamani, wati 150 kila moja, kila moja karibu mita moja ya mraba nzima. Asilimia 15, akapiga hesabu mjukuu, na nikaguna. "Baba watoto," alisema, "bati letu lina mita za mraba 80 na zaidi. Unabana nafasi ya nani?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Mwenye chumba kimoja cha kupanga, au mwenye paa dogo la kibanda cha duka, huyo alipie mono nzuri. Sisi tulihitaji lebo isiyodanganya. Fedha iliyobaki akaongezea kwenye betri ya sola ya ampea-saa 200, isiyo ya gari, ambayo fundi alituonya tusiinyonye chini ya nusu.

Zimekazwa kuelekea kaskazini, mlalo nyuzi 10 tu, mvua ikija ioshe vumbi. Mayai 56 yaliingia tarehe 2 Septemba. Umeme wa mtaa ulikatika mara 3 katika siku 21. Vifaranga 47.

Ile ya wati 200 bado tunayo, juu ya banda la kuku. Inawasha taa moja na kuchaji simu 2, ya shemeji ikiwa mojawapo.